Safu ya Maoni

Kabla mashine za chumvi hazijaanza kunguruma
nashuka ukingoni, Uvinza, daftari kwapani.
Ubao wa kipimo umesimama majini kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.
Nauliza, unajibu kwa tarakimu.
Kwenye safu ya maoni naandika: maji ya kahawia.
Miaka kumi na moja, hakuna aliyeuliza zaidi,

mpaka walipokuja pacha wa Ruhasha,
Bukuru na Toyi, na mtumbwi wao wa mpira
wenye viraka vinne na makasia saba.
"Dada Yozefina, mto umeamkaje?"
Kama wanaulizia mgonjwa.

Nikajifunza kuusoma chini ya tarakimu.
Ukipungua mita moja, mawe hutoa meno.
Ukizidi mbili, mawe hayaonekani,
na asiyeyaona hudhani yamehama.
Kuna mahali Toyi anapaita Kinu:
maji huanguka, hugeuka, hurudi kutwanga yaleyale.
Gogo liliwahi kukaa humo siku tatu,
likiibuka na kuzama, likiibuka na kuzama,
la nne likaachiwa, halina gome.
Na kuna mkuyu ulioanguka, umelala kukata mkondo.
Bukuru huwaambia wageni: hilo ni chujio la chai.
Maji hupita. Nyinyi ndio majani.

Wageni hucheka. Yeye hukaza mikanda ya jaketi okozi
mpaka kicheko kikose pa kukaa.
"Ukianguka, lala chali. Miguu mbele, vidole nivione.
Usisimame. Hata maji yakiwa ya magotini, usisimame:
mguu ukinaswa kati ya mawe
mto hauombi radhi, unakukunja tu."

Jumamosi ile nilisoma moja nukta nne.
Mbingu safi. Nikawapa namba, wakashuka.
Saa tatu nikarudi (nilisahau sabuni juu ya jiwe)
nikakuta moja nukta saba,
na povu, na majani mabichi, na kipande cha mgomba.
Hapa jua. Usiku, Kasulu, ilikuwa imenyesha,
na Ruchugi umeleta habari bila kupiga hodi.

Simu yao ilikuwa ndani ya nailoni, imezimwa.
Nikapanda pikipiki ya Gwimo, njia ya ng'ombe,
nikafika juu ya jabali, nikaona kofia ya njano:
Lukelesha, karani wa tumbaku kutoka Tabora,
nje ya mtumbwi, akielekea mkuyuni,
chali. Ncha mbili za viatu juu ya maji.
Alikuwa amesikiliza.

Toyi, ukingoni, akapiga yowe: "Kamba!"
Akarusha. Ikaanguka nyuma ya kichwa, pungufu ya mkono mmoja.
Hakutukana. Hakuutazama mkuyu.
Akaivuta, imelowa, akaikunja mizunguko mitano
kama anayekunja kamba ya mbuzi jioni,
akarusha tena.

Sitasema mto ulituhurumia.
Mto haukujua kama tupo.
Kamba ilimfika kifuani, mikono ikafumba,
Toyi akakaa chini, visigino mchangani,
na mkondo wenyewe ukamzungusha karani hadi kando.
Akatapika kidogo, akaulizia viatu vyake.
Vilikuwa miguuni.

Bukuru akaja, uso umemshuka.
"Ulisema moja nukta nne."
"Ilikuwa moja nukta nne."
Wote tulisema kweli,
na nusura kweli ituzikie mtu.

Siku hizi nasoma mara tatu,
na nina namba ya mwalimu mmoja wa Kasulu
anayeniandikia usiku akisikia bati lake linapigwa.
Posho haijaongezwa. Safu za daftari ni zilezile,
kwa hiyo kwenye maoni nabananisha herufi:
maji ya kahawia, majani mabichi, bati la mwalimu toka saa nane.
Bukuru ameuliza. Nimekataa.
Wamekaa ukingoni wanabandika kiraka cha tano.